Kliniki ya Buruburu inayopima kiuno kabla ya kutoa sindano ya kupanga uzazi

Kliniki nyingi za kupanga uzazi hapa Nairobi humpokea mwanamke kwa swali moja: anataka mbinu gani. Akijibu sindano, anachomwa sindano. Akijibu kipandikizi, anaelekezwa chumba cha pili angoje zamu yake. Zahanati ya binafsi ninayoiandikia tathmini hii, iliyoko Buruburu karibu na barabara ya Mumias South, huanza kwingine kabisa. Kabla mbinu yoyote haijatajwa, mteja hupimwa presha, uzito na mzunguko wa kiuno, kisha huulizwa kwa kina kuhusu sukari: yake mwenyewe, ya wazazi na ndugu zake, na ile ya wakati wa ujauzito. Nimeitumia huduma hii kwa muda wa kutosha kuitolea hukumu, na hukumu yangu ni kwamba mpangilio huo wa kazi, zaidi ya ukarimu wa wahudumu au usafi wa vyumba, ndio unaoifanya istahili nauli na ada yake. Jina lake siliandiki kwa kuwa wahudumu ni wachache na hawakuniomba niwatangaze. Msomaji anaweza kuvichukua vigezo nitakavyovitumia na kuvipeleka kwenye kliniki ya mtaani kwake.

Nina sababu ya kulijali jambo hili. Mama yangu anaishi na kisukari cha aina ya pili, nami sukari yangu ilipanda nilipokuwa na mimba ya kitindamimba wangu. Baada ya kujifungua nilitumia sindano ya miezi mitatu katika kituo kingine, ambako kadi yangu iliangaliwa tarehe tu. Uzito ulipanda, ngozi ya shingo ikawa nyeusi na nene kama iliyojikunja, na nilipouliza niliambiwa kwamba wanawake wote hunenepa wakizaa. Hakuna aliyeniuliza habari za kisukari cha mimba, ingawa kiliandikwa katika kijitabu cha kliniki nilichokuwa nimekishika mkononi.

Nieleze kwa nini swali hilo lina uzito. Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho, nayo huiwezesha glukosi iliyo katika damu kuingia kwenye misuli na kwenye mafuta, na hulizuia ini lisiendelee kumwaga sukari isiyohitajika. Mwili unapoanza kuwa sugu kwa homoni hiyo, hali inayoitwa ukinzani wa insulini, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida cha sukari kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari, ilhali kongosho linafanya kazi ya ziada usiku na mchana. Ujauzito huuongeza ukinzani huo kwa sababu ya homoni za kondo la nyuma, na ndiyo maana kisukari cha mimba kwa kawaida hutafutwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mtoto akishazaliwa sukari hushuka, mama huambiwa amepona, na faili hufungwa. Hata hivyo, mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ulio mkubwa takriban mara 7 hadi 10 kuliko yule ambaye sukari yake haikupanda. Huyo ndiye mwanamke anayerudi kliniki wiki chache baadaye kutafuta mbinu ya kupanga uzazi, na kama hapimwi siku hiyo, sijui atapimwa siku gani.

Wala si wachache. Kwa mujibu wa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Kenya wa mwaka 2022, wanawake 57 kati ya kila 100 walio katika ndoa hutumia mbinu ya kisasa ya kupanga uzazi, na sindano na vipandikizi ndivyo vinavyoongoza. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Makundi haya mawili yanakutana katika chumba kimoja, mbele ya muuguzi mmoja.

Vipimo hivyo hufanywa kwa utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Kwa presha, sista alinikalisha kama dakika tano bila kuzungumza nami, akanitaka nishushe mguu niliokuwa nimeupandisha juu ya mwenzake, akauegemeza mkono wangu mezani ili uwe sawa na moyo, ndipo akaifunga mashine. Kwa kiuno, aliushika mfupa wa nyonga na ubavu wa mwisho, akautafuta upande wa katikati, akaupitisha utepe hapo. "Toa pumzi, mama, usivute tumbo," alisema, akasoma, akaandika. Kikomo anachokitumia kwa wanawake ni sentimita 80, kile kinachotajwa katika vigezo vya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari vya mwaka 2005. Halafu aliniomba niiteremshe leso kidogo aitazame shingo, akaniambia kwamba weusi ule haukuwa uchafu wala alama ya mkufu, na kwamba ngozi ya shingoni na kwapani mara nyingi hubadilika hivyo insulini inapokuwa juu mwilini kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeisugua ngozi ile kwa sabuni na ndimu kwa miezi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuitazama akaihusisha na sukari.

Baada ya hapo ndipo hutolewa gurudumu la Shirika la Afya Duniani, lile duara la karatasi ngumu linalozungushwa ili kulinganisha hali ya mteja na mbinu anayoitaka. Kila mbinu hupewa daraja kuanzia 1, ambalo halina kizuizi, hadi 4, ambalo maana yake ni kwamba mbinu hiyo haifai kutumiwa kwa hali hiyo. Napenda kwamba sista huligeuza gurudumu lenyewe kuelekea kwa mteja na kumsomesha, badala ya kulitazama peke yake na kutangaza matokeo. Nilijionea kwamba kisukari cha mimba kilichopita hakizuii mbinu yoyote. Ni daraja 1 kote. Presha, kwa upande mwingine, hubadili mambo haraka: namba ya juu ikiwa kati ya 140 na 159, tembe mseto, zenye homoni mbili za estrojeni na projestini, huwa daraja 3, na ikifika 160 huwa daraja 4. Mwenye kisukari kilichoshadhuru figo, macho au neva huwekwa daraja 3 kwa sindano ya Depo, ile ya miezi mitatu, na daraja 2 kwa kipandikizi, ilhali koili ya shaba hubaki daraja 1.

Sehemu ya ushauri ndiyo iliyonifanya niamue kuandika, kwa sababu haikumtisha mtu na haikuficha kitu. Sista alianza na tembe, kwa kuwa ndizo zinazosingiziwa mengi. Tembe ya kwanza kuidhinishwa kuzuia mimba huko Marekani, Enovid, mwaka 1960, ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, na tembe nyingi za siku hizi zina kati ya 20 na 35; hofu tuliyorithi kwa mama na shangazi zetu ilitokana na dozi ambazo hazitolewi tena. Kwa wanawake wasio na kisukari, tafiti zilizolinganisha mbinu za homoni hazikuonyesha tofauti kubwa katika jinsi mwili unavyoitumia sukari. Hapo nilitegemea anyamaze, lakini aliongeza jambo ambalo wengi huliruka: tafiti hizo ziliwahusisha wanawake wachache sana wenye uzito mkubwa, kwa hiyo faraja inayotokana nazo ni ndogo zaidi kwa mtu kama mimi kuliko kwa msichana mwembamba asiye na kisukari katika ukoo.

Kuhusu sindano alisema waziwazi kwamba malalamiko ya wanawake juu ya uzito si uvumi. Katika utafiti wa ECHO, ambao matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 2019 na ambao Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, wanawake waligawiwa kwa bahati nasibu sindano ya Depo, kipandikizi chenye homoni ya levonojestreli au koili ya shaba. Kati ya miezi 12 na 18, waliopewa sindano walikuwa wameongeza wastani wa kilo 3.5, wa kipandikizi kilo 2.4, na wa koili kilo 1.5. Namba hiyo ya mwisho ni muhimu mno, kwa sababu koili ya shaba haina homoni yoyote. Maana yake ni kwamba sehemu ya uzito huo ingeongezeka hata bila dawa, na sindano huongeza yake juu ya hapo. Dawa iliyo ndani ya Depo, kwa dozi ya miligramu 150, pia hugusa vipokezi vile vile vya mwili vinavyoguswa na homoni za aina ya kotizoli, na kotizoli inajulikana kwa kupandisha sukari. Kwa mwanamke mwenye afya mabadiliko hayo huwa madogo. Kwa aliyekwisha kuwa karibu na mpaka, kilo chache kiunoni si jambo dogo.

Nilimuuliza pia kuhusu tembe ndogo za wanaonyonyesha, kwa kuwa dada yangu anazitumia. Alinijibu kwa utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ambao uliwafuatilia wanawake wa asili ya Amerika ya Kusini na Kati waliokuwa wamepata kisukari cha mimba: walionyonyesha wakatumia tembe ndogo hizo, zenye projestini pekee, walipata kisukari karibu mara 3 zaidi ya waliotumia tembe mseto zenye dozi ndogo. Aliharakisha kusema kwamba utafiti mmoja wa jamii moja hautoshi kumkataza dada yangu tembe zake, na kwamba daraja lake kwenye gurudumu linabaki 1. Alichotaka ni dada yangu apimwe sukari. Huo ndio ushauri niliokuwa nikiutafuta kwa miaka: unaoeleza uzito wa ushahidi, kisha unaniachia uamuzi.

Mwenye tatizo la ovari linalojulikana kwa kifupi PCOS, ambaye hedhi yake huchelewa kwa miezi na nywele humwota kidevuni, hushauriwa tofauti. Kwake tembe mseto mara nyingi ndizo tiba ya kwanza ya kuirekebisha hedhi, ingawa haziutibu ukinzani wa insulini ulio nyuma ya tatizo, na huenda akahitaji dawa ya kisukari ya metfomini pia. Swali jingine jipya nililolisikia hapa, na ambalo kila kituo jijini kinapaswa kuliuliza sasa, ni kama mteja anatumia sindano za kupunguza uzito. Dawa ya tirzepatide, inayouzwa kwa jina la Mounjaro, hupunguza kasi ya tumbo kujitupu na inaweza kudhoofisha nguvu ya tembe za kumeza. Anayeianza huelekezwa kutumia kondomu au mbinu isiyo ya kumeza kwa wiki 4, na tena kwa wiki 4 kila dozi inapoongezwa. Mwanamke aliyehangaika miaka mingi kupata mimba kwa sababu ya PCOS anaweza kushtukia mimba asiyoitarajia pindi uzito unapoanza kushuka.

Sasa vipimo vya damu. Zahanati hupima sukari ya asubuhi kabla ya kula, na kwa aliyewahi kupata kisukari cha mimba hupendekeza kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa 2. Sukari ya kabla ya kula ikiwa milimoli 7.0 kwa lita na zaidi, au ya saa 2 ikiwa 11.1 na zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari. Kipimo cha saa 2 kikiwa kati ya 7.8 na 11.0, mtu yumo katika eneo la hatari. Mimi niliangukia hapo, ilhali sukari yangu ya asubuhi ilikuwa nzuri kabisa. Kituo kinachopima ya asubuhi peke yake kingeniambia niende nyumbani nikiwa na furaha.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, huagizwa katika maabara ya nje, na kabla ya kukiagiza sista huuliza kama kuna selimundu (sickle cell) katika familia na kama mteja anatokwa na damu nyingi ya hedhi. Wengi hawajui kwamba selimundu na upungufu wa damu vinaweza kukipotosha kipimo hicho. Katika mji wenye watu kutoka pande zote za nchi, wakiwemo wengi kutoka Nyanza, Magharibi na Pwani ambako selimundu ni ya kawaida, swali hilo linapaswa kuwa desturi.

Hapa ningependa kuwaonya wasomaji kuhusu vifurushi vya "kupima homoni zote" vinavyotangazwa na baadhi ya maabara jijini. Nilikilipia kimoja kabla ya kuijua zahanati hii. Kilikuwa na insulini ya asubuhi na hesabu ya kukadiria ukinzani wa insulini iitwayo HOMA-IR, ambayo huzidisha sukari kwa insulini na kugawanya kwa 22.5. Hesabu hiyo ilibuniwa mwaka 1985 na ina manufaa makubwa kwa watafiti, lakini maabara hazipimi insulini kwa njia inayofanana, na hakuna kikomo kimoja kinachokubalika kwa kila mtu. Nilirudishiwa karatasi yenye namba zenye rangi nyekundu na hakuna aliyenieleza nifanye nini. Utepe wa kupimia kiuno, mashine ya presha na glasi ya glukosi vilinifaa zaidi kwa sehemu ndogo ya pesa zile.

Zahanati ina kasoro, na baadhi zinakera. Mizani imewekwa ukumbini, mbele ya wanaosubiri, na msaidizi mmoja husoma kilo kwa sauti. Mwanamke aliyekwisha kuchekwa kwa ajili ya mwili wake hatarudi mara ya pili. Hufungwa saa kumi na nusu jioni na haifunguliwi Jumapili, jambo linalowaacha nje wanawake wanaofanya kazi Industrial Area au mjini, ambao hufika Buruburu kwa matatu giza likiwa limeingia. Bima ya SHA haipokelewi.

Kasoro kubwa kwangu ni karatasi ya lishe. Imeandikwa kwa Kiingereza, na inamshauri mama wa Umoja au Kayole ale mkate wa shayiri nyeusi na matunda ya beri. Ushauri wa mdomo wa sista ni bora maradufu: uondoe sukari ya chai kwanza, kwa sababu vikombe vitatu vya chai ya maziwa vyenye vijiko viwili kila kimoja ni vijiko sita ambavyo hakuna anayevihesabu, ugali upungue na sukuma wiki iongezeke, githeri na ndengu zirudi mezani mahali pa chapati mbili za jioni, soda iwe ya sherehe. Kwa nini maneno hayo yasichapwe kwa Kiswahili na kupewa kila anayetoka mlangoni? Ushahidi wa manufaa yake upo. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa karibu na kisukari ambao walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki waliipunguza hatari yao kwa asilimia 58, na waliopewa metfomini kwa asilimia 31. Kwa wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba, njia zote mbili ziliipunguza hatari kwa takriban nusu.

Mimi nilichagua koili ya shaba. Niliambiwa mapema kwamba hedhi ingekuwa nzito na yenye maumivu zaidi katika miezi ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Nilipimwa damu kabla ya kuwekewa na tena baadaye, nikapewa vidonge vya kuongeza madini ya chuma. Jirani yangu, ambaye hana historia ya sukari na ambaye presha yake iko sawa, aliingia chumba kile kile akatoka na sindano yake ileile aliyoizoea, na hakuna aliyejaribu kumbadilisha mawazo. Nimelitaja hilo kwa sababu kuna watu mitandaoni wanaotumia habari za insulini kuwatisha wanawake waache kabisa kupanga uzazi. Mimba isiyopangwa humwongezea mwanamke mwenye ukinzani wa insulini hatari kubwa kuliko mbinu yoyote iliyo katika gurudumu lile, na sukari iliyo juu katika wiki za mwanzo, wakati ambapo wengi hawajajua kuwa wana mimba, ndiyo inayoweza kuvuruga uumbaji wa moyo na uti wa mgongo wa mtoto.

Kwa upande wa gharama, ushauri wa kwanza pamoja na presha, uzito, kiuno na sukari ya asubuhi nilitozwa shilingi 1,000. Kipimo cha glukosi cha saa 2 kilikuwa shilingi 1,200, na koili, pamoja na kuwekewa, shilingi 2,500. Si pesa kidogo, hasa ikikumbukwa kwamba katika vituo vya serikali mbinu zenyewe hazipaswi kulipiwa pale zinapopatikana. Anayekwenda kituo cha serikali anaweza kuomba presha, uzito na sukari vipimwe siku hiyo hiyo, na amweleze muuguzi kuhusu kisukari cha mimba kabla hajaulizwa. Zahanati hii hufunguliwa saa moja asubuhi, na anayetaka kipimo cha glukosi anapaswa kufika kabla ya saa mbili akiwa hajala wala kunywa chochote isipokuwa maji tangu usiku, kwa kuwa baada ya saa hiyo hawaanzishi kipimo kipya. Ada ya kuondoa koili au kipandikizi hulipwa kando na haikuandikwa ukutani. Ni vyema kuiuliza kabla ya kuwekewa.